Sakafu ya Samadi

Vijana wa parokia walinijia wakitaka niwasimulie historia ya kijiji chetu na kanisa lake. Niliwapa chai, nikawapa na yale ambayo kila mzee huyasema: kwamba kanisa lilianza chini ya paa la nyasi kabla sijazaliwa, kwamba kiwanja kilitolewa na babu yangu mzaa baba, na kwamba katekista wa kwanza alikuja kwa miguu kutoka misheni, mtu mfupi, mkali kama pilipili. Koo nyingine nazo zinadai kwamba babu zao ndio waliotoa kiwanja. Mimi sibishani nao. Kiwanja chenyewe kilikuwa kichuguu na miiba, na hakuna aliyekitaka mpaka kanisa lilipokaa juu yake.

Wakarekodi kwenye simu zao, wakashukuru, wakaenda. Mimi nikabaki na vikombe na hasira kidogo, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari za sakafu. Na mimi historia ya kanisa lile naijua kwa magoti.

Kijiji chetu kiko upande wa Uganda, ukishuka kutoka Busia kuelekea ziwani, pale ambapo mto uitwao Sio ndio mpaka. Nilipokuwa mdogo mto ulikuwa wa kuchota maji na kuoshea mihogo. Watu wa ng'ambo walikuwa Wasamia kama sisi, wakwe zetu na wajomba zetu, na Jumapili walivuka kwa kukanyaga mawe, viatu mkononi, wakaja kusali kwetu kwa kuwa kwao kanisa lilikuwa mbali. Uganda ikapata bendera yake, mwaka uliofuata Kenya nayo ikapata yake, na wale watu wakaendelea kuvuka mawe yale yale. Shangazi mmoja wa ng'ambo alianza kujigamba kwamba yeye sasa anasali nchi za nje. Wanawake wetu walivaa gomesi, wao walivaa magauni na vitambaa vya kichwa, na hiyo ndiyo ilikuwa tofauti yote niliyoiona.

Tulilima wimbi la uji, muhogo na pamba. Wanaume ambao hawakuipenda pamba walikwenda Tiira kuchimba mashimo ya dhahabu, wakarudi na matope. Wengine walikwenda Tororo kwenye kiwanda cha simiti. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Kazi yake ilikuwa kupakia mifuko kwenye malori, na mwisho wa juma alirudi kwa basi, vumbi la kijivu limemkaa masikioni, kwapani amekunja mifuko mitupu ya karatasi. Karatasi hiyo ndiyo tuliyofunikia madaftari. Hakuna mtoto wa shule yetu ambaye daftari lake halikunuka simiti.

Sasa sakafu. Kanisa letu wakati ule lilikuwa la kuta za udongo na paa la mabati, na sakafu yake ilikuwa ya udongo uliosiribwa kwa samadi ya ng'ombe. Sakafu ya namna hiyo isipopakwa kila juma hufumuka vumbi, na vumbi huleta funza, na Mkristo mwenye funza miguuni hasikilizi mahubiri. Kwa hiyo kila Jumamosi wanawake walikuja na ndoo za samadi mbichi, wakaichanganya na majivu na udongo mwekundu, wakapiga magoti wakapaka kwa viganja, wakirudi nyuma nyuma kuelekea mlangoni.

Kila boma lilikuwa na kipande chake. Hakuna aliyekichora mahali popote, lakini hata mtoto alijua kipande cha kina nani kinaanzia wapi. Jumapili, wanawake wa boma waliketi pale pale walipopaka. Mtu akihama, jirani yake alirithi kipande. Na kila mwanamke alikuwa na mkono wake: huyu alipaka nusu duara kubwa kama ungo, yule alivuta mistari kama mifupa ya samaki, mwingine alipapasa tu kama mtu anayetafuta sindano. Wawili wakigombana, katikati ya vipande vyao kilibaki kijituta cha samadi kavu, kwa sababu hakuna aliyekubali mkono wake uvuke. Ukitaka kujua nani hasemi na nani pale kijijini, hukuhitaji kuuliza. Ulikwenda kanisani ukaangalia chini.

Kipande cha boma letu kilikuwa mbele kabisa, mbele ya altare, mahali aliposimama Padri alipokuja mara moja kwa mwezi kutusomea Misa. Tulipewa heshima hiyo kwa sababu ya babu na kichuguu chake. Na hapa lazima niwaeleze nyumbani kwetu kulivyokuwa, maana bila hivyo hamtaelewa kitu.

Baba alikuwa na wake wawili. Wa kwanza, ambaye sisi watoto tulimwita mama mkubwa, alifunga naye ndoa ya pete katika kanisa lile lile. Wakakaa miaka bila mtoto. Siku moja mama mkubwa mwenyewe akajifunga nguo yake nzuri, akavuka mto, akaenda kumposea mumewe msichana wa ng'ambo. Msichana huyo ndiye mama yangu. Akanizaa mimi, akamzaa na mdogo wangu wa kiume, na tukalala nyumba hii au ile kutegemea ni jiko gani lilikuwa na kitoweo. Mama mkubwa alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito na amri nyingi. Mama yangu alikuwa mfupi na mkimya. Watu wa nje walingoja wagombane, wakangoja mpaka wakachoka.

Lakini dini haikuipenda hesabu ile ya wake. Baba, kwa kuongeza mke, alizuiwa komunio. Mama yangu hakubatizwa kabisa, ingawa alihudhuria mafundisho kuanzia nilipokuwa mgongoni. Aliijua katekisimu kuliko waliobatizwa. Katekista akianza swali, mama alikwisha kumaliza jibu moyoni, midomo yake ikichezacheza. Wenzake walibatizwa, wakaja wengine wapya, nao wakabatizwa, na yeye akabaki darasa lile lile. Sheria ilikuwa wazi: mke wa pili hawezi kubatizwa angali katika boma la mume, isipokuwa akiwa katika hatari ya kufa. Kulikuwa na wanawake kijijini waliotamani homa kali kidogo.

Kwa hiyo katika nyumba yetu nzima aliyekula komunio alikuwa mama mkubwa peke yake. Alitangulia wanawake wote kwenda mbele, mabega juu, kitambaa cheupe kichwani, na sisi tulijivunia.

Ila mgongo wake ulikuwa mbovu. Hakuweza kuinama kupaka sakafu. Kazi ya Jumamosi ilimwangukia mama yangu, na ndivyo mambo yalivyokuja kupindana: mahali patakatifu kuliko pote kanisani palipakwa kila juma na mwanamke ambaye Jumapili hakuruhusiwa kupakaribia. Jumapili mama aliketi nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na wake wengine wa pili na wale waliokaa na waume bila pete. Upepo uliwapiga wao kwanza, na mvua pia.

Mimi nilikuwa nikimsaidia kukoroga. Mama mkimya wa siku zote, Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Aliimba chini chini, alinichekesha, alinipaka samadi puani. Mkono wake ulikuwa wa mawimbi madogo madogo, yote sawa, na alipofika chini ya altare alipunguza mwendo kabisa, kama mtu anayemnyoa mtoto. Siku moja nilimuuliza kwa nini pale anachelewa hivyo. Akaniambia, "Kesho Padri atasimama hapa na Mwili wa Bwana. Atakuwa amesimama juu ya mkono wangu." Alisema bila uchungu. Uchungu niliusikia mimi, na bado ninao.

Basi, kama mwaka mmoja baada ya uhuru wa Kenya, zikaja habari kwamba Askofu atatutembelea kutoa kipaimara. Alikuwa hajawahi kufika kwetu. Wazee wa kanisa wakaingiwa na homa. Wakaona mabati yana kutu, wakaona madirisha hayana vioo, na zaidi ya yote wakaiona sakafu. Ghafla wakakumbuka kwamba inanuka. Miaka yote walipiga magoti juu yake, wakaondoka na suruali za kijani magotini, na hakuna aliyenusa kitu. Sasa ilikuwa aibu Askofu aikanyage. Wakataka simiti.

Baba akasimama. Hakuwa na haki ya kusema sana kanisani, lakini kuhusu simiti nani angemzuia? Akasema yeye na wenzake wa kiwandani watachanga. Kweli wakachanga, na mifuko ikafika juu ya lori lililokuwa linakuja kuchukua pamba. Wazee wakamuuliza fundi atatoka wapi. Baba akajibu kwamba hakuna haja ya fundi, kwani simiti anaijua, ndiyo kazi yake ya kila siku. Hilo lilikuwa kosa. Baba aliijua simiti kwa uzito tu.

Kilichofuata ni jambo ambalo watu wa kijiji kingine wasingelifanya, naapa. Baba aliwaita wanawake wote, kila boma kwenye kipande chake, kama kawaida ya Jumamosi. Akawachanganyia simiti na mchanga na maji, laini kama uji wa mgonjwa. Nao wakapiga magoti, wakaipaka kwa viganja. Waliipaka juu ya samadi, nyembamba kama samadi, kwa nusu duara na mistari na mifupa ya samaki, wakirudi nyuma mpaka mlangoni. Walitoka wakicheka. Jioni hakuna aliyecheka. Simiti iliwala mikono, ngozi ikababuka, na kijiji kizima kikalala kwa mafuta ya simsim na kuugua. Mama mkubwa alimlisha mama ugali kwa mkono wake kama mtoto, huku akimtukana baba kupitia ukuta.

Juma halikwisha, sakafu ikaanza kubanduka. Ulikanyaga, likang'oka pande lenye alama za vidole vya mtu, na chini yake samadi ya zamani ikakuchungulia. Watoto tulikusanya yale mapande tukacheza nayo duka. Baba hakutoka nyumbani Jumapili ile. Mwishowe alikwenda Tororo akarudi na fundi mwashi wa kweli, mwenye mwiko na pima maji, ambaye alitazama kazi yetu kwa muda mrefu, akauliza kwa adabu kama kulitokea ajali. Akachimbua kila kitu, akaweka kokoto, akamwaga, akasawazisha. Sakafu ikawa ya kijivu, baridi, laini kutoka mlangoni mpaka altareni. Haikuwa na mipaka. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo, na wazee waliwaleta wageni kuitazama.

Jumamosi iliyofuata mama aliamka mapema, akachukua ndoo, tukaenda zizini. Tulikuwa tumekwisha kujaza alipokumbuka. Alisimama pale na ndoo, mikono ikiwa bado na makovu ya rangi ya waridi. Kisha akaimwaga samadi kwenye shina la migomba, akarudi ndani akafagia nyumba iliyokwisha kufagiwa. Juma jingine vile vile. Migomba ile ilizaa sana mwaka ule. Mama ndiye aliyekonda.

Nilidhani hayo ndiyo mabaya yote, kumbe simiti ilikuwa na jingine. Kwa sababu ya sakafu, baba akawa mtu mkubwa. Makosa yake ya kwanza yalisahauliwa upesi, kwani uzuri wa sakafu ya pili ulikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Wazee wakataka awe mwenyekiti wao, yeye ndiye ampokee Askofu na kumwonyesha kanisa. Lakini mwenyekiti asiyekula komunio, wake wawili nyumbani, angesimamaje mbele ya Askofu? Wakajadili. Wakampelekea Padri shauri hilo. Padri alikuwa Mzungu mzee, mpole, aliyekaa Uganda mpaka nywele zikamwisha, na ninaamini hakututakia ubaya. Akasema njia ipo, na ni rahisi: mke wa pili arudi kwao ng'ambo ya mto, baba aungame, na siku ya Askofu apokee komunio pamoja na mke wake wa pete.

Walikuja nyumbani mchana, Padri na katekista. Tulikuwa uani tukipura wimbi. Waliketishwa kwenye viti, baba akakaa kwenye kinu kilicholazwa, mama mkubwa akasimama mlangoni kwake mikono kifuani. Katekista alieleza kwa Kisamia, akizunguka kama mtu anayekwepa tope. Baba aliangalia chini muda wote. Sitamlaumu sana leo. Alikuwa amekaa nyuma kanisani miaka mingi, naye alikuwa na njaa yake. Lakini siku ile nilimchukia, na nilitaka ajue.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akamgeukia Padri mwenyewe, akamwambia kwa Kiswahili chake cha sokoni Busia, "Padri, mimi nakwenda. Lakini watoto yangu wanabaki kwa nani?"

"Watabaki kwa baba yao," Padri akasema. "Hiyo ni desturi yenu, mama, si yangu."

"Na mimi nikikaa kule ng'ambo, unanibatiza?"

"Ndiyo. Pasaka ikifika, nitakubatiza mimi mwenyewe."

Nilimwona mama anaipima ile ahadi. Alichokingoja tangu nilipokuwa mgongoni kilikuwa kimewekwa mbele yake, na bei yake tulikuwa sisi wawili, mimi na mdogo wangu aliyekuwa amelala juu ya mkeka kinywa wazi. Hatimaye akasema kwamba ikiwa yeye ndiye anayeziba njia ya watu kwenda mbinguni, ataondoka. Aliomba kitu kimoja, kwamba Askofu apite kwanza, kusudi asiondoke kazi ya kupikia wageni ikimwelemea mwenzake. Wakakubaliana kwamba siku ya Askofu baba atatangaza kanisani kwamba amebaki na mke mmoja, na kesho yake, Jumatatu, mama atavuka.

Mama mkubwa alichukua ungo, akaendelea kupepeta. Mtu ambaye alitoa maoni hata juu ya namna kuku wanavyotembea, siku ile hakuwa na maoni. Nikamchukia na yeye pia.

Siku zilizofuata mama alinifundisha mambo haraka haraka: mdogo wangu akikohoa apewe nini, mboga gani ichemshwe mara mbili, wimbi la mbegu liko chungu gani. Mimi nilikataa kujifunza. Niliona kwamba nikibaki mjinga hataweza kuondoka. Alikunja gomesi yake na vitambaa vichache akavifunga ndani ya shuka. Baba aliazima baiskeli ya jirani ya kubebea mzigo mpaka mtoni, akaiegemeza ukutani, na kila nilipopita niliitemea mate.

Jumapili ya Askofu ikafika. Watu wote ambao wangekula komunio hawakutia kitu kinywani tangu usiku, ndivyo tulivyofundishwa, na hata sheria ilipokuja kulegezwa kijiji chetu kiliendelea na njaa yake. Asubuhi mama alikuwa jikoni akitunywesha uji. Mama mkubwa akaingia, amekwisha kuvaa, kitambaa cheupe kichwani. Akaketi juu ya kigoda karibu na mama, akanyoosha mkono, akapokea kibuyu, akanywa. Alikunywa uji mpaka ukaisha. Mimi nikadhani uzee umemsahaulisha. Nikamwambia, mama mkubwa, utakulaje komunio? Akaniambia ninywe uji wangu nisichelewe kanisani. Mama alimtazama, akakipokea kibuyu kitupu.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Watu wa ng'ambo walikuja wote, na wengine kutoka Kisoko na vijiji vingine vya upande wetu walifika na watoto wao wa kipaimara. Askofu alikanyaga simiti yetu kwa viatu vyeusi vinavyong'aa. Baba alikuwa mbele upande wa wanaume, suti ya kuazima, jasho likimtoka. Alikuwa ameungama Jumamosi. Mama mkubwa aliketi mahali petu pa zamani, mbele, ingawa sakafu haikuonyesha tena kwamba ni petu. Mama alikuwa nyuma mlangoni, mdogo wangu mapajani, nami nimejibana ubavuni mwake kwa sababu nilikuwa nahesabu kila dakika iliyobaki.

Kengele ya komunio ikalia. Wanawake wakangoja mama mkubwa atangulie, kama siku zote. Akasimama. Mrefu vile, kila mtu alimwona. Halafu akageuka, akawapa altare na Askofu mgongo wake mbovu, akatembea kuja nyuma, akipita katikati ya kanisa lote, mpaka kwetu mlangoni. Mama akasogea bila kufikiri. Mama mkubwa akajishusha polepole, mkono kiunoni, akaketi chini pamoja na wasio na pete.

Katekista alikuja mbio kwa ncha za vidole. Akainama akamnong'oneza kwamba Askofu anangoja, kwamba mumewe yuko mbele peke yake, ana nini, anaumwa? Mama mkubwa hakujua kunong'ona. Sauti yake nzito ikafika kila pembe ya kanisa lile, na kuta zikatusaidia kuisikia.

"Nimechoka kula peke yangu," akasema. "Nyumba yetu ina watu. Tukiitwa wote, tutakuja wote."

Mtoto alilia mahali fulani. Nilimtazama baba kule mbele, peke yake na suti yake, mistari ya watu ikimpita kushoto na kulia. Alisimama kwa muda ambao niliuona mrefu sana. Kisha akaketi. Hakwenda mbele, na Misa ilipokwisha hakutangaza kitu. Mama alikuwa amefunika uso kwa ncha ya kitambaa, mabega yakimtetemeka, na mama mkubwa akimwambia aache, watu wanaangalia, kana kwamba si yeye aliyewaangalisha.

Uenyekiti ukaenda kwa mtu mwingine. Padri hakugomba. Alikuja mara moja akaongea na mama mkubwa uani, wakakubaliana kutokubaliana, akapewa kuku. Mama mkubwa alikuwa mwanamke aliyependa komunio yake kuliko watu wengi wanavyopenda chakula, na tangu siku ile, kwa maisha yake yote, hakuila tena. Kila Jumapili aliketi mlangoni kando ya mama, kwenye upepo. Sijui Mungu alilipokeaje jambo hilo. Mimi najua tulivyolipokea sisi.

Jumatatu asubuhi, siku ambayo mama angevuka mto, niliamka nikatoka nje na macho ya usingizi. Baiskeli haikuwepo ukutani. Baba alikuwa ameirudisha kwa mwenyewe alfajiri, kisha akaondoka kuwahi basi la Tororo. Mama alikuwa jikoni, amevaa kanga yake ya shamba, jembe liko mlangoni, anapuliza moto. Nikamshika miguu nikalia kwa sauti. Akaniuliza nimeumwa na nini, siafu? Nikasema sijaumwa. Akanifuta kamasi, akanipa uji, akaniambia nifanye upesi, shule haimngoji mtu.